Bei ya Msafiri

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na ile iendayo Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake mjini. Kwa njia hizo hupita mbao, viazi, chai na parachichi, nazo ni riziki za familia nyingi zisomazo ukurasa huu. Njia kama hizo huwavutia pia wafanyao biashara ya watu.

Mnyororo wa biashara hiyo ni mrefu. Kijana wa kusini mwa Ethiopia huahidiwa kazi Afrika Kusini, na wazee wake huuza mifugo au kukopa ili wamlipe wakala. Huvushwa Moyale kuingia Kenya, kisha Tanzania, kisha Malawi na Msumbiji, akikabidhiwa mkono kwa mkono. Dereva anayekamatwa njiani mara nyingi hamjui aliyepokea fedha za mwanzo. Ndivyo wakubwa wanavyosalimika huku wadogo wakifungwa.

Gharama ya biashara hii tumekwisha kuiona. Mwezi Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, miili yao ikatelekezwa porini mkoani Dodoma. Machi 2020, wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 likagunduliwa kaburi la halaiki Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyekuwa akingoja simu.

Mataifa hayakukaa kimya. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, pamoja na itifaki kuhusu wanaowasafirisha watu ili kuwanyonya na nyingine kuhusu wanaowavusha wahamiaji kwa magendo. Tanzania nayo ilitunga mwaka 2008 Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Lakini lori halitembei usiku na mchana bila kusimama. Linahitaji nyumba ya kuwalaza watu, mpishi wa kuwapikia na kijana wa kulinda mlango. Hapo ndipo jambo hili linapofika katika familia zetu.

Wapo wasemao: mgeni ni wa kusitiriwa, nasi tumemsitiri tu. Neno hilo ni zuri, ila lina mipaka yake. Aliyemkuta mtu ana njaa akamlisha, amefanya wema. Hakumficha mtu wala hakulipwa na mtu. Aliyewafungia watu chumbani, akawanyang'anya simu na kupokea malipo kwa kila kichwa, ameuza alichokiita ukarimu. Na tumefundishwa katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari kwamba anayemuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Anayepokea sehemu ndogo ya thamani hiyo na ajipime.

Tusidhani pia kwamba wanaochukuliwa ni wageni peke yao. Mabinti wa vijiji vya Njombe hufuatwa kwa ahadi ya kazi za ndani Dar es Salaam, na wengine nchini huahidiwa kazi Uarabuni. Wapo wanaofika salama na kulipwa haki yao. Wapo wasiosikika tena. Mzazi na aulize kabla binti hajafunga mzigo: mwajiri ni nani, na anaishi mtaa gani? Mkataba uko wapi, na wakala amesajiliwa kisheria? Pasipoti itakaa kwa nani? Mjumbe mwema hachukizwi na maswali haya, hata akiwa shangazi au mjomba wa binti.

Na anayeona nyumba isiyofunguliwa madirisha ambayo hupokea watu usiku, amweleze mwenyekiti wa mtaa au apige 112 kwa polisi. Kwa jambo la mtoto, 116. Huko si kumsaliti msafiri. Huenda wito huo ukamtoa kwenye lori kabla hewa haijamwishia.