Wakala wa kompyuta apewe kibali, asipewe neno la siri

Sisi tunaovusha mizigo baina ya Tanzania na Burundi tunamjua wakala wa forodha. Unampa ankara, orodha ya mzigo na barua ya kumruhusu aushughulikie mzigo ule, basi. Sijapata kumwona mfanyabiashara anayemkabidhi wakala ufunguo wa duka na sanduku la fedha eti kwa kuwa gari limekwama Kobero.

Jambo hilo tusilomfanyia binadamu, nasikitika kuona tumeanza kulifanya kwa kompyuta. Zipo sasa programu za akili bandia ambazo haziishii kujibu maswali. Nazo huitwa mawakala: husoma barua pepe, hulinganisha bei, hujaza fomu, na zikifunguliwa njia hutuma hata malipo. Ili zifanye hayo ni lazima ziunganishwe na seva za nje, kama ile ya barua pepe au ya benki. Hapo ndipo fundi anapokuambia, "Mzee, andika neno lako la siri hapa niiunganishe." Nami niliambiwa hivyo. Nilipokataa nilionekana mshamba.

Ndugu msomaji, neno la siri halina mipaka. Aliye nalo anasoma, anafuta, anaweza hata kulibadilisha ukabaki nje ya mlango wako mwenyewe. Likiibwa huko lilikohifadhiwa, benki itamwona mwizi kuwa ni wewe.

Njia nyingine ipo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni iitwayo Model Context Protocol, ya kuunganisha programu hizi na zana za nje. Machi 2025 ikaongezewa utaratibu wa ruhusa uliojengwa juu ya OAuth, ambayo toleo lake la 2.0 lilitangazwa mwaka 2012. Programu inakupeleka kwenye ukurasa wa benki yenyewe. Neno la siri unaliandika huko, programu hailioni. Unaulizwa unaruhusu nini, kisha programu inapewa tokeni, yaani kibali chenye kazi maalumu, ambacho kwa kawaida kina muda wake, na huduma nzuri hukuwezesha kukifuta bila kubadili neno la siri. Juni 2025 masharti yakakazwa: tokeni iombwe kwa ajili ya seva inayotajwa, na seva ikatae tokeni isiyotolewa kwa ajili yake. Anayetumia cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, ataelewa haraka. Cheti cha mahindi hakivushi vitenge.

Najua tuliorudi kutoka Tanzania hatupendi neno kibali. Tuliomba vibali vya kutoka kambini hata kwa safari fupi, vikatuchosha. Lakini safari hii anayetoa kibali ni wewe, na anayebanwa ni mashine.

Hata hivyo tusidanganyane, kibali halali hakimfanyi wakala awe mwerevu. Programu hizi hulaghaiwa kwa maandishi. Mtu anaweza kukutumia ankara iliyofichwa ndani yake maneno ya kuiagiza ilipe namba fulani, nayo ikatii kwa kutumia ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Kwa hiyo iruhusu kusoma tu, na kila malipo yakusubiri wewe uyathibitishe. Mafundi watasema hayo yanachelewesha kazi, hasa mtandao ukisumbua. Ni kweli yanachelewesha. Forodha nako tunachelewa, na bado hatuachi barua zilizosainiwa bila maandishi.

Lawama zote nisiwatupie mafundi. Benki au kampuni ya simu isipoweka ukurasa wa kutoa ruhusa ya namna hii, inamwachia mteja neno la siri kuwa njia pekee ya kuunganisha, kisha akiibiwa inamwambia alikuwa mzembe. Wateja tuwaulize kwenye madirisha yao ukurasa huo uko wapi. Mpaka nijibiwe, ankara zangu naziandika daftarini.