Grupu la WhatsApp ni barabara, siyo ghala

Ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni, leo sizungumzii namna ya kupata wateja wapya. Nazungumzia kitu kinachokula faida ya wateja ulionao tayari, yaani lile grupu la kazi. Humo upo wewe, dada anayepaki, kijana wa bodaboda, labda na mdogo wako aliyeko Dar anayepokea mizigo stendi. Wote wana simu, wote wamo kwenye grupu, na bado kila siku swali ni lilelile: "Bosi, hii tunauza bei gani?"

Msimamo wangu ni huu: watu wako siyo wazito kama unavyodhani, na programu nayo haina kosa. Tumelipa grupu kazi isiyo yake. Grupu ni barabara, mambo yanapita. Sisi wa Kibaigwa tunapaswa kulielewa hili haraka. Mji wetu umekaa kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro na malori yanapita usiku na mchana, lakini kilichotupa jina ni soko la mahindi. Pale mzigo unashushwa, unapimwa, unawekwa, na kesho mwenye mali anajua wapi pa kuukuta. Lori linalopita bila kushusha linatuachia vumbi tu.

Sasa jiulize: biashara yako ina barabara, ghala liko wapi?

Usidhani hili ni tatizo la wadogo peke yetu. Kampuni kubwa hulipia programu maalumu ili wafanyakazi wawe na sehemu moja ya kukuta taarifa za kazi. SharePoint ya Microsoft, kwa mfano, ipo tangu 2001. Lakini kaa na mtu wa ofisini akusimulie: faili la zamani ndilo linaloonekana, jipya halijulikani liko wapi, mwisho wa siku watu wanarudi kuulizana WhatsApp. Kwa hiyo hela haitibu ugonjwa huu. Unatibiwa na utaratibu, na utaratibu hauuzwi.

Bei iliyopita usiku

Tuchukue mfano wa mafuta ya alizeti, maana huku ndiyo mambo yetu. Tuseme dumu la lita 20 ulikuwa unauza 80,000. Mashineni bei imepanda, ukaamua kuuza 88,000. Saa nne usiku ukatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu. Baada yako zikaja picha za mizigo, salamu, dua, mzaha wa mpira. Asubuhi dada anayepaki akapokea oda ya madumu 12, akauza kwa 80,000. Umepoteza 96,000 kabla hujanywa chai.

Hapo wengi wetu tunafanya nini? Tunamkata mshahara. "Si nilisema kwenye grupu?"

Mimi napinga jambo hili waziwazi. Huwezi kumkata binti hela ya kodi ya chumba kwa sababu ya bei uliyoisema kwenye sauti ya dakika mbili, katikati ya ujumbe mia. Kusema siyo kuweka. Kama bei haikuwa imeandikwa mahali pamoja ambapo yeye anajua ndipo pa kuangalia, basi hasara hiyo ni ya biashara, siyo yake. Ukishaiweka mahali hapo na yeye hakuangalia, hapo mna la kuzungumza. Nimeona wasichana wachapakazi wakiacha kazi kwa makato ya namna hii, na bosi anabaki akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawadumu.

Vitu vitatu vya kutoa barabarani

Siyo kila kitu kinastahili ghala. "Nimefika stendi", "konda kaniomba buku", hayo yaache yapite. Yanayotakiwa kukaa ni matatu.

Kwanza, bei na stoo. Kama unatumia WhatsApp Business, weka bei kwenye katalogi, halafu mkubaliane kwamba katalogi ndiyo inayosema ukweli. Faida yake ni kwamba mteja na mfanyakazi wako wanasoma kitu kimoja, hakuna wa kumzidi mwenzake. Kama hutumii, iandike kwenye sehemu ya maelezo ya grupu, pale juu ukigusa jina la grupu. Hata mtu aliyeingizwa leo anaiona. Funga mpangilio ili anayebadilisha awe msimamizi tu. Unaweza pia kupini ujumbe, lakini kumbuka pini ina muda wake: saa 24, siku 7 au siku 30. Ukiisahau inaondoka, na wewe unabaki unaamini ipo.

Pili, oda na hela. Nani ameagiza, nini, kiasi gani, amelipa au bado, mzigo umepanda gari gani. Hapa jedwali la Google Sheets linatosha, na linafunguka kwenye simu ya kawaida ya kupangusa. Safu sita tu zinatosha. Usianze na safu ishirini, utachoka wiki ya kwanza. Picha ya muamala ibaki kwenye chati, lakini neno "amelipa" liandikwe kwenye jedwali na mtu aliyehakikisha kwamba hela imesoma kwenye simu ya biashara, siyo aliyetumiwa picha na mteja.

Tatu, namna ya kufanya kazi. Unga unafungwa mifuko mingapi kwa kiroba? Karanga za Dar zinapelekwa kwa wakala yupi? Mteja akisema mzigo umefika umechanika, tunamjibu nini? Haya mambo yamo kichwani mwako, na ndiyo maana huwezi kwenda msibani siku mbili bila simu kulia. Yaandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo.

Kila ukurasa na mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wiki ya kwanza kila mtu ana hamasa. Mwezi wa tatu bei iliyoandikwa ni ya zamani, mtu anaangalia mara moja, anakuta uongo, na harudi tena. Wafanyakazi siyo wavivu wa kusoma. Wanaacha kusoma kitu kilichowadanganya.

Kwa hiyo kila ukurasa uwe na mtu mmoja anayeulizwa. Bei ni ya nani? Oda ni za nani? Siyo "wote", maana cha wote hakina mlezi. Juu ya kila ukurasa iandikwe tarehe ya mara ya mwisho kurekebishwa. Na ukiweka bei mpya, futa ya zamani. Karatasi mbili za bei ni mbaya kuliko kukosa kabisa, kwa sababu asiye na karatasi angalau atauliza.

Na wewe bosi una kazi moja ngumu. Ukiulizwa bei kwenye grupu, usiitaje. Jibu: "Angalia pale." Mara ya kwanza utaonekana una maringo. Lakini kila ukijibu kwa mdomo unawafundisha kwamba ghala halina maana, wewe ndiye ghala.

Msilete matrekta

Najua kuna mtu anasoma hapa anawaza kushusha programu tano leo. Subiri kwanza.

Wilaya yetu ya Kongwa ina somo ambalo dunia nzima inalijua. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi wa karanga. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, Kongwa ikiwa mahali pa kuanzia. Walileta matrekta, wataalamu na hela nyingi. Vichaka na mizizi vikayashinda matrekta, mvua zikawa chache, na udongo wetu wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama saruji, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mashine zilikuja kabla ya watu kuujua udongo.

Programu ni trekta. Udongo ni watu wako. Je, dada wa stoo ana simu ya kitochi? Basi ghala lake ni ubao wa chaki ukutani, na wewe unampigia asubuhi kuhakikisha bei ya ubao ndiyo ya katalogi. Kijana wa bodaboda hana bando mchana? Basi oda zake aandikiwe kabla hajatoka. Mmoja anasoma kwa shida? Tumia picha ya bidhaa na namba kubwa. Kifaa kinachotumiwa na watu watatu kila siku kina thamani kuliko kile kizuri unachokitumia peke yako.

Ghala liwe lako

Programu nazo hufa. Kampuni ya Meta, hao hao wenye Facebook na WhatsApp, walikuwa na jukwaa la maofisini lililoitwa Workplace. Lilianza 2016. Mei 2024 wakatangaza kulifunga, na waliokuwa wakilitumia wakaanza kutafuta pa kuhamishia taarifa zao. Kama hilo linaikuta ofisi yenye watu wa teknolojia, wewe ambaye simu inaweza kudondoka kwenye ndoo ya maji ujipange mapema. Mwisho wa kila mwezi pakua jedwali la oda, lihifadhi sehemu nyingine, na wadaiwa waandike kwenye daftari la karatasi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari la nani, mimi naongeza: liwe lako.

Na watu nao huondoka. Mfanyakazi akiacha kazi, je, bado yumo kwenye grupu lenye majina, namba na maelekezo ya nyumbani kwa wateja wako? Hili siyo suala la kumwonea mtu shaka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na namba ya mteja ni taarifa yake binafsi, siyo karanga za kugawana. Ndiyo maana napendelea laini moja ya biashara, halafu msaidizi anaunganishwa kwenye akaunti hiyo kupitia kipengele cha vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne zaidi ya simu kuu. Akiondoka unakitenganisha kifaa chake, mnaagana vizuri, na wateja wanabaki na biashara.

"Mimi niko na mtu mmoja tu"

Hili nalisikia sana. Watu wawili tunaelewana, ya nini kuandika? Ni kweli kuandika kunakula muda. Utakaa jioni mbili tatu ukiandika vitu unavyovijua tayari, na haitakuingizia hata mia siku hiyo. Sikufichi.

Lakini hesabu upande wa pili. Ukiulizwa maswali kumi kwa siku ambayo jibu lake halibadiliki, unalipa muda ule ule kila siku, bila kuumaliza. Na huyo mtu mmoja siku akiugua au akiolewa akahamia Gairo, utaanza moja na mgeni. Ukurasa mmoja ulioandikwa leo ndio utakaomfundisha huyo mgeni kwa asubuhi moja. Ukiwa na mtu mmoja ndiyo wakati mwafaka wa kuanza, kwa kuwa bado kuna vitu vichache vya kupanga.

Usipime grupu lako kwa wingi wa ujumbe. Grupu lenye kelele nyingi mara nyingi ni dalili kwamba watu hawajui pa kuangalia. Lipime hivi: chagua siku ya kawaida, siyo ya msimu, zima simu yako kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Usiage, usiache maagizo. Ukiwasha, hesabu simu ulizopigiwa na maswali yaliyokusubiri. Kila swali ni kitu ambacho bado kiko barabarani.

Chukua swali lililojirudia zaidi, andika jibu lake, liweke mahali pake, liandikie tarehe na jina la mtunzaji. Moja tu kwa wiki hii. Wiki ijayo chukua jingine.