Msiulize kwa Nini Hakusema

Kwenye msiba wa mtu aliyejiua, turubai likishafungwa na wazee wakishakaa, lazima atokee mmoja wa kuuliza: "Lakini kwa nini hakusema? Si angetuambia tu?" Wengine wanaitikia kwa kichwa. Marehemu hajafukiwa, tayari amebebeshwa kosa la mwisho: ukimya wake.

Ukimya ule tumemfundisha sisi. Alitusikia tukimcheka jirani aliyepelekwa hospitali ya akili ya Mirembe. Alisikia shangazi zake wakivunja posa kwa sababu ukoo wa binti "una wazimu". Alimwona kaka mtu mzima akilia barazani, na akasikia alivyoambiwa: jikaze, wewe si mwanaume? Aliyapiga hesabu hayo yote, akaona kusema ni ghali kuliko kunyamaza. Kwa jinsi tulivyo, hakukosea hesabu. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu sonona inatibika, na alikufa akiwa na ugonjwa unaotibika.

Tumezoea kuambiwa kwamba watu hawaendi kutibiwa kwa sababu hawana elimu. Tafiti hazisemi hivyo kirahisi. Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Sarah Clement wa King's College London walichapisha uchambuzi wa tafiti 144 zilizohusisha watu zaidi ya 90,000, wakiangalia unyanyapaa unavyowazuia watu kutafuta msaada. Katika vikwazo vyote vitokanavyo na unyanyapaa, kilichotajwa zaidi ni hofu ya kujulikana. Mgonjwa anajua kwamba anaumwa, na pengine anajua hospitali ilipo. Anachokiogopa ni sisi. Waliozuiwa zaidi walikuwa ni pamoja na wanaume, vijana, wanajeshi na, sikilizeni hili, watumishi wa afya wenyewe. Daktari anayewaandikia wenzake dawa za sonona hathubutu kupanga foleni yeye mwenyewe, maana anajua yanayosemwa kwenye chumba cha chai.

Yuko atakayenikumbusha kwamba uchambuzi huohuo uliuweka unyanyapaa nafasi ya nne tu kati ya vikwazo vyote, na nguvu yake ikaonekana ndogo hadi ya wastani. Sawa. Umbali upo, gharama zipo, wataalamu ni wachache mno. Lakini nauli hukopwa. Heshima nani atakukopesha?

Mwanasaikolojia Patrick Corrigan, aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi kule Chicago, ameeleza jinsi sumu hiyo inavyoingia ndani. Mtu huyasikia maneno ya watu, akayaamini, kisha akayageuza yake. Mwisho hahitaji tena wa kumtukana. Anajitukana mwenyewe, na anafika mahali pa kujiambia: nijihangaishe kwa nini, mtu kama mimi? Hapo hata ukimjengea kliniki mlangoni kwake haingii.

Na kliniki zenyewe tunaziwekaje? Ipo hospitali moja ninayoijua ambako benchi la wagonjwa wa akili limewekwa likitazamana na geti, chini ya kibao chenye herufi za kusomeka toka barabarani. Muuguzi anatoka na kupaza sauti: "Wagonjwa wa akili, mafaili huku!" Foleni nzima ya akina mama waliobeba watoto inageuka kutazama. Nilimwona dada mmoja akivuta mtandio hadi puani kabla ya kuinuka. Alipopewa dawa alizikunja ndani ya khanga, akazifunga fundo, akatoka kwa mlango wa nyuma unaopitia jalalani. Kulikuwa na mwanaume chini ya mwarobaini aliyekuwa akimwambia kila anayepita kwamba amemsindikiza mgonjwa. Mgonjwa alikuwa yeye. Huyo ndiye mnayemwambia ajitokeze?

Sheria nayo imesimama upande wa wanaocheka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai. Mtu anaokolewa usiku, asubuhi anaamka akiwa mtuhumiwa. Ndugu wanaomfikisha hospitali wanasema ameanguka, amekula kitu kibaya, chochote kile ili polisi wasije. Daktari anatibu uongo, mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Sheria hii tuliachiwa na Waingereza, na wao wenyewe waliifuta kwao Agosti 1961, miezi minne kabla Tanganyika haijapata uhuru. Wameifuta kwao, sisi tukaitunza kama urithi wa babu! Kenya wameamka: Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao ya adhabu, kilichomtishia mtu wa namna hiyo kifungo cha hadi miaka miwili, kinakwenda kinyume na katiba. Wabunge wetu wanasubiri nani awasukume?

Nawasikia pia wanaowatupia lawama zote waganga na wachungaji wa maombezi. Kule wagonjwa wengine hufungwa minyororo, na hilo halivumiliki hata siku moja. Lakini jiulizeni kwa nini familia huanzia kule. Kwa mganga kijana wao ni mtu aliyetendewa ubaya. Hospitali, machoni pa mtaa, ni kichaa. Mama yeyote atachagua mwanawe awe amerogwa. Kwa mganga angalau jina lake linabaki safi.

Basi tunafanya nini? Tunachapisha fulana. Tunafunga bango lisemalo ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, mgeni rasmi anahutubia, tunakula, tunaondoka. Wamarekani walilijaribu somo hilo mbele yetu. Mtafiti Bernice Pescosolido na wenzake walilinganisha maoni ya wananchi wa Marekani ya mwaka 1996 na ya 2006. Watu walikuwa wamekubali zaidi kwamba haya ni maradhi ya ubongo, na wakaunga mkono zaidi matibabu. Lakini kumkubali mgonjwa awe jirani, mfanyakazi mwenza au mkwe? Chuki haikupungua.

Kinachopunguza chuki kinajulikana. Mwaka 2022 tume ya jarida la The Lancet, iliyoongozwa na Graham Thornicroft pamoja na Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, mama anayeishi na skizofrenia na kulisema hilo hadharani, ilionyesha kwamba dawa yenye nguvu kuliko zote ni kukutana: mtu aliyepitia ugonjwa akae na wewe, mzungumze, mfanye kazi pamoja. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi za watu kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 kati ya 100 kwa waliokaa na bibi, dhidi ya 50 kati ya 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Bibi tunao. Mabenchi tunayo. Kinachokosekana ni mamlaka kuamua kwamba mtu anaweza kukaa pale bila kuadhibiwa.

Nasema kuadhibiwa nikijua ninachosema. Namfahamu mtumishi aliyerudi kazini baada ya matibabu, karatasi ya daktari mkononi, akakuta meza yake ina mtu mwingine. Yeye alipelekwa stoo "apumzike kidogo". Ugonjwa wake ulikuwa umeshajulikana hadi kwa walinzi, kwa sababu bosi aliusoma kwenye faili na kuusimulia. Hakuna aliyeulizwa kitu. Wenzake watatu niliozungumza nao wanasema hawatamwambia mtu yeyote lolote, hata wakiumwa.

Waajiri, acheni kuwaletea wafanyakazi wenu mtaalamu wa kuhutubia msongo wa mawazo mara moja kwa mwaka. Wekeni kwa maandishi kwamba anayekwenda kutibiwa akili atarudi kwenye meza yake, cheo chake na mshahara wake. Na bosi atakayefungua mdomo kuhusu faili la mtumishi wake, barua ya kujieleza aandike yeye.