BAHASHA YA MHESHIMIWA HAINA MDHAMINI



Wengi wetu hapa Donholm tuna mguu mmoja mjini na mwingine shambani. Kila mwezi twatuma hisa kwa simu ili jina la mama lisikosekane katika daftari la chama cha akiba kijijini. Mbona basi mwanasiasa akikizuru chama hicho na bahasha, twampigia makofi?

Nimelelewa na chama cha wakulima wadogo wa kahawa huko Murang'a. Malipo ya kahawa yalifika kwa msimu. Karo haikungoja msimu. Benki ilidai hati ya shamba, nayo hati ilikuwa bado kwa jina la babu aliyekwisha fariki, mirathi haijafunguliwa. (Katika uwakili wangu nimeuona mkosi huo mara zisizohesabika.) Chama hakikudai hati. Kiliuliza: nani atakudhamini? Wanawake kumi na wanane, waliojua shamba la nani limepaliliwa na la nani limeachiwa magugu, waliamua kwa kuinua mikono. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, funguo zikakaa katika nyumba tatu. Fedha zilihesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,100 baada ya mwezi, na faida ikagawanywa Desemba.

Nionyesheni wizara inayohesabu fedha zake namna hiyo!

Katika kampeni za 1997 akaja mheshimiwa mmoja na shilingi 20,000. Zikatiwa sandukuni kwa vigelegele. Waliozikopa hawakuona haja ya kulipa, kwani ni jasho la nani? Punde hata walipaji waaminifu wakajiona wajinga. Mwaka uliofuata hapakuwa na mgao. Mama alibaki na ufunguo wa sanduku tupu, nami nikakaa nyumbani muhula mzima.

Wezi wamo hata vyamani, sikatai. Lakini mwizi wa chama twamjua kwao.

Utawala wa chama kimoja uliogopa watu waliojipanga wenyewe. Mwaka 1980 vyama vya ustawi vya kikabila, GEMA kikiwemo, vilivunjwa. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake ikaunganishwa na KANU. Leo Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 chalinda uhuru wetu wa kuungana. Amri imeondoka, bahasha imeshika nafasi yake, na safari hii twafungua mlango wenyewe.

Watasema maskini hachagui msaada. Upuuzi! Mheshimiwa anayemhurumia mkulima na apiganie bungeni malipo ya kahawa yafike mapema, na gharama ya mirathi ipungue. Hayo hayaingii katika bahasha.

Uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika, muda upo. Jumapili hii, baada ya ibada, wapigieni simu wazee wenu nyumbani. Waombeni waongeze katika katiba ya chama sharti moja, lisomwe kila kikao kabla sanduku halijafunguliwa: "Hakuna shilingi itakayoingia humu isiyo na jina la mwanachama aliyeitoa."