KADI ISIYOITIKA SI LAZIMA IMEKUFA

Kila jioni bwenini kiranja huita majina. Asiyeitika huandikwa kuwa hayupo. Lakini sote twajua kwamba asiyeitika si lazima awe ametoroka. Pengine yu mgonjwa kitandani, pengine ametumwa na mwalimu, na pengine amelala bweni jingine ambako sauti ya kiranja haifiki. Leo nataka kueleza habari ya kadi moja ya kompyuta iliyohesabiwa kuwa imekufa, na ya mwenzetu mmoja ambaye nusura aadhibiwe kwa ajili yake.

Katika chumba chetu cha kompyuta iko seva moja. Ndani yake vimewekwa vitabu na mitihani ya zamani, na kompyuta zote nyingine huchota humo. Seva hiyo imeongezewa kadi ya mtandao, nayo ndiyo mlango wa kupitishia habari hizo. Muhula uliopita, baada ya siku ya usafi, seva iliwashwa ikawaka vizuri, lakini kadi haikuonekana. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili ndiye aliyeichomoa ili apanguse vumbi, kisha akairudisha. Basi hata kabla ya chakula cha mchana maneno yalikuwa yameenea shule nzima: fulani ameiua kadi. Wengine walisema mzazi wake alipe. Mzazi huyo ni mkulima mdogo, na karo yenyewe huipata kwa taabu.

Sisi wa klabu ya kompyuta nasi tulikosea. Siku mbili nzima tulikuwa tukiweka na kuondoa programu za kuiendeshea kadi ile. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kosa letu lilikuwa hili. Kompyuta inapowashwa, nayo huita majina. Hupita kila mahali panapoweza kuwa na kadi ikiuliza ni nani aliyepo. Kadi hujibu kwa namba mbili: ya kampuni iliyoitengeneza na ya aina yake. Namba ya Intel, kwa mfano, ni 8086. Pasipo na wa kujibu, kompyuta husoma FFFF, yaani kimya. Mwito huu hutangulia programu ya kadi. Katika Linux, amri ya lspci huonyesha orodha ya walioitika. Kadi ikiwa imo katika orodha lakini haifanyi kazi, hapo ndipo pa kutazama programu au waya. Ikiwa haimo kabisa, kubadilisha programu ni kama kumpelekea dawa mtu asiyekuwapo nyumbani.

Siku ya tatu mwalimu wetu alituketisha chini akatufundisha kwenda kwa utaratibu. Kwanza tulizima seva, tukachomoa nyaya zake zote mbili za umeme, maana hata ikiwa imezimwa, umeme kidogo huendelea kupita ndani maadamu waya umechomekwa. Tulingoja kidogo, tukagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usije ukaidhuru kadi. Kisha tuliichomoa kadi tukiishika kwa kingo zake, tukafuta meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti safi, tukairudisha mpaka ikakaa sawasawa. Tuliwasha. Kimya. Tukatazama mipango ya BIOS, kwa kuwa sloti yaweza kufungwa humo. Haikuwa imefungwa.

Ndipo mwalimu alipofungua kitabu cha seva ile na kutuonyesha mchoro wa sloti. Seva yetu imetengenezwa kupokea prosesa mbili, lakini ina moja tu. Baadhi ya sloti zimeunganishwa na prosesa ya kwanza, na nyingine na ya pili. Sloti aliyoirudishia kadi yule kijana ilikuwa ya prosesa ya pili, ambayo haipo. Kwa macho ilikuwa nzima, na kadi iliingia vema, lakini njia ya kufikia kompyuta haikuwapo. Tulizima tena, tukachomoa nyaya, tukaihamishia sloti ya jirani. Mara hii jina lake likatokea katika orodha.

Basi kadi haikufa, wala kijana hakuiua. Kweli aliirudisha mahali pasipo pake, lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba sloti mbili zinazofanana zaweza kuwa na mabwana tofauti, wala hapakuwa na alama yo yote iliyoandikwa.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yatupasa. La kwanza, sloti za seva zitiwe alama, na chumba kiwe na daftari la matengenezo, ili kila anayegusa kitu aandike alikikuta wapi na amekirudisha wapi. La pili, tupimapo tubadilishe jambo moja tu kwa wakati. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua lililokufaa. La tatu, asihukumiwe mtu wala kadi kabla ya kupimwa. Kadi yaweza kujaribiwa katika mashine nyingine, na sloti yaweza kujaribiwa kwa kadi nyingine iliyo nzima. Majaribio hayo hayana gharama, na kadi mpya inalipiwa kwa fedha za wazazi wetu.

Najua wako wasemao kwamba wanafunzi wasiguse ndani ya mashine za thamani, bali aitwe fundi. Sikatai kwamba yako mambo ya fundi. Kasha la kubadilishia umeme, kwa mfano, sisi hatupaswi kulifungua hata kidogo. Lakini kuchomoa kadi katika mashine isiyo na umeme, mwalimu akiwa amesimama kando, ni somo kama lilivyo somo la kupasua chura. Mwanafunzi aliyekatazwa kugusa hatajifunza kugusa vizuri, na siku atakapolazimika kugusa atafanya kwa siri na kwa woga. Woga ndio uliomfanya mwenzetu anyamaze tulipomwuliza aliichomoa kadi kutoka sloti ipi. Kama angalisema siku ile ya kwanza, tungalimaliza kazi kwa saa moja.

Kijana yule sasa ndiye mwandishi wa daftari letu, na alama zilizo juu ya sloti ni za mkono wake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne