Kipi Kitangulie?



Mwambieni mtoto akokotoe 10 − 3 + 2. Huenda akajibu 5, kisha akajitetea kwa neno MAGAZIJUTO alilolikariri shuleni: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Kwa kuwa JU imetangulia TO, yeye hujumlisha kwanza 3 na 2. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, kama vile kugawanya na kuzidisha. Vikikutana vya daraja moja, hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia. Neno lile husaidia kumbukumbu, lakini halikubeba kanuni yote.

Tusidhani kwamba jambo hili huishia daftarini. Mirathi nayo ina utaratibu wake. Katika mali ya marehemu hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki, ndipo warithi wagawiwe. Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, zimeweka wazi kwamba mafungu ya warithi huja baada ya wasia na deni. Na wanazuoni wamekubaliana kwamba deni hulipwa kabla ya wasia.

Tuseme baada ya maziko zimebaki shilingi 12,000,000. Marehemu alidaiwa 3,000,000, na aliusia theluthi kwa madrasa. Tukilipa deni kwanza, hubaki 9,000,000. Madrasa hupata 3,000,000, na warithi 6,000,000. Tukitanguliza wasia, madrasa itachukua 4,000,000, na warithi wataachiwa 5,000,000. Mjane mwenye watoto, ambaye fungu lake ni thumni, atapata 625,000 badala ya 750,000. Hakuna aliyeiba, mpangilio tu ndio uliopinduliwa, na haki ya mtu imepotea.

Ndiyo maana mabano yana thamani. Kwa mamilioni, fungu la madrasa huandikwa (12 − 3) ÷ 3, nalo ni 3. Yaondoeni mabano, jibu litakuwa 11.

Basi wazazi, tuwasahihishe watoto wetu kwa kuwaeleza sababu, si kwa kuwakemea. Nasi tuandike madeni yetu tungali hai, na tuwaite wajuzi wa mirathi kabla mali haijaguswa. Mtoto anayejifunza leo kipi kitangulie, kesho huenda akawa ndiye mgawaji wa haki za mayatima.

Wabillahi tawfiq.