Mzinga wa Kujikinga

Zipo silaha ambazo hata mpenda amani husita kuzilaani. Mojawapo ni mzinga mdogo wa kutungulia ndege, uliostawi baina ya vita kuu mbili za dunia. Mizinga mikubwa ilikuwa mizito mno kuzifuata ndege zirukazo chini. Ndipo viwanda vikaunda midogo yenye kufyatua mfululizo. Ule wa Bofors wa Sweden, wa milimita 40, ulitoa makombora yapatayo 120 kwa dakika. Ule wa Oerlikon wa Uswisi, wa milimita 20, ulitokana na mzinga wa Kijerumani uliobuniwa kufungwa katika ndege. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulipowabana Wajerumani, ufundi huo ulihamia Uswisi, nchi isiyoegemea upande wowote vitani, lakini isiyokataa wateja.

Twaitaja mizinga hii kwa sababu ya Ethiopia. Italia ilipoivamia tarehe 3 Oktoba 1935, ilikuja na ndege kwa mamia. Ethiopia ilikuwa na Oerlikon chache tu. Ipo picha mashuhuri ya Mfalme Haile Selassie akiwa kwenye mzinga wa namna hiyo. Miezi michache kabla, Uingereza ilikuwa imezuia leseni za kuuza silaha kwa pande zote mbili. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni uadilifu. Lakini Italia ilijiundia silaha zake; Ethiopia haikuwa na kiwanda cha mizinga. Sisi hatuitetei biashara ya silaha hata kidogo. Hata hivyo, katazo lililo sawa juu ya wasio sawa lilimwongezea nguvu mwenye nguvu, na waliolitoa hawakukosa kulijua hilo.

Oktoba hiyohiyo Shirikisho la Mataifa liliiondolea Ethiopia katazo na kuiwekea Italia vikwazo, ila mafuta yaliyoziendesha ndege hayakuguswa. Tarehe 6 Desemba mji wa Dessie ulipigwa mabomu. Kisha ikaja gesi ya haradali, iliyomwagwa kutoka angani juu ya askari, wanakijiji na mifugo, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 iliyoharamisha gesi za sumu vitani.

Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme alisimama Geneva mbele ya mataifa, akayaeleza hayo yote. Mwezi wa Julai vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa.